Maswali ya Wasomaji: Dawa Iliyofungwa Kwenye Pindo la Kanga

Safu hii ni ya moyo, lakini mwezi huu wengi mmeniuliza kuhusu mgongo. Nilikuwa tayari kuyaweka maswali hayo kando, niwaachie wenzangu wa mifupa. Kisha nikasoma barua ya kwanza hapa chini, nikaona kumbe tunazungumza habari moja.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63. Mwaka jana alilazwa, tukaambiwa moyo umetanuka na hausukumi damu sawasawa. Akapewa dawa za presha na dawa ya kukojoza, akapata nafuu mpaka akarudi kwenye biashara yake ya kukaanga mihogo. Wiki tatu zilizopita mgongo ulimkaba, hawezi kuinama wala kuinuka. Akanunua dawa dukani, mgongo ukapoa. Sasa miguu imevimba hadi magotini, usiku anakohoa, na hapati usingizi mpaka arundike mito mitatu. Dawa zake za moyo hajaruka hata siku moja, mimi ndiye ninayemsimamia. Majirani wanasema amechezewa. Je, moyo ndio umechoka kabisa? Au ni figo? — Binti yake, Tanga

Marahaba mwanangu. La haraka kwanza: mpeleke hospitali leo, msisubiri tarehe ya kliniki. Mtu anayelala kwa kuegemea mito mitatu, na juzi alikuwa analala chali, mapafu yake yameanza kujaa maji. Beba dawa zake zote, na hiyo ya mgongo uibebe pamoja na pakiti yake. Kama pakiti imetupwa, rudi dukani uulize jina. Haya mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.

Nina miaka mingi na wagonjwa wa moyo hapa Dar es Salaam. Nusu ya kazi yangu ni kutibu, nusu nyingine ni kuandika: nani karudi wodini, baada ya siku ngapi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Wapo walioacha dawa kwa sababu fedha zimekwisha, hao wanaeleweka. Wapo waliorudia chumvi. Lakini kulikuwa na kundi la watu kama mama yako, wanaomeza kila kitu kwa saa yake, na bado wanarudi wamevimba.

Fomu yetu ilikuwa na swali, "Unatumia dawa gani nyingine?" Jibu lilikuwa lile lile: hakuna. Nikaamua waje na dawa zao zote mfukoni wazimwage mezani. Wakamwaga. Bado hakuna. Mpaka siku moja bibi mmoja alipofungua pindo la kanga ampe mjukuu wake nauli, na pamoja na sarafu kikadondoka kidonge kilichoviringishwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nikakiokota. "Bibi, na hii dawa?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Hiyo si dawa, baba. Hiyo ya mgongo."

Ilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Alikuwa anaimeza kila akitoka shamba.

Tangu siku hiyo nimelifuta swali lile. Sasa nauliza hivi: "Ukiumwa mgongo au goti, unakula nini?" Majibu yamekuwa mengine kabisa. Mtu anakutajia diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, piroksikamu, anakuonyesha na rangi zake, maana kwake dawa ni ile ya ugonjwa ulioandikwa kwenye kadi. Mgongo si ugonjwa, mgongo ni kazi.

Na mimi si msafi katika hili. Nilipokuwa daktari wa mafunzo, kwenye kituo ambacho sina haja ya kukitaja, nilimwandikia mzee mmoja mgonjwa wa moyo sindano za diklofenaki siku tatu mfululizo kwa sababu kiuno kilikuwa kinamtesa na nilimhurumia. Siku ya tatu mkojo ukapungua. Tukamwongezea dawa ya kukojoza. Ukazidi kupungua. Tukasimama kitandani kwake tunashangaa, na karatasi yenye mwandiko wangu imening'inia pale pale.

Kinachotokea ni hiki. Moyo uliochoka haufikishi damu ya kutosha kwenye figo. Figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hutanua mishipa midogo inayoziletea damu, ili hata msukumo ukiwa hafifu mkojo uendelee kutoka. Bahati mbaya, prostaglandini hizo hizo zikiwa mgongoni au gotini ndizo zinazokoleza maumivu na uvimbe. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake, hizi za mgongo zikiwemo, hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali hizo, na mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Sasa kidonge kikishamezwa hakichagui. Kinazima mgongoni, na kinazima kwenye figo. Mishipa inabana, chumvi inabaki mwilini, na chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki. Dawa ya kukojoza aliyoinywa asubuhi inabisha hodi kwenye mlango uliofungwa kwa ndani. Dawa za presha nazo nyingi hupungua nguvu. Kwa hiyo swali lako "ni moyo au figo" jibu lake ni vyote viwili, na kilichoviharibia uhusiano ni kidonge.

Hili si jambo la kukisia. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Australia, Page na Henry, walichapisha utafiti uliolinganisha wazee waliolazwa kwa moyo kushindwa (yaani kusukuma damu kwa udhaifu) na wazee waliolazwa kwa sababu nyingine, wakauliza nani alimeza dawa hizi wiki iliyotangulia. Waliomeza walikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa moyo kama mara mbili. Kwa wale waliokuwa na historia ya ugonjwa wa moyo tangu zamani, ulizidi mara kumi. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Oxford lilikusanya majaribio mengi ya dawa hizi, likakuta hatari ya moyo kushindwa inakaribia kuwa mara mbili kwa zote walizozipima, ziwe za bei rahisi au ghali. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya unasema wazi kwamba mwenye moyo ulioshindwa asipewe.

Muuzaji wa dukani msimlaumu sana. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ndiyo hospitali ya kwanza kwa wengi wetu, na muuzaji aliulizwa dawa ya mgongo akatoa dawa ya mgongo. Hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya mgongo kuna moyo. Safari nyingine mama aanze na hilo: "Mimi mgonjwa wa moyo." Halafu msome maandishi madogo chini ya jina kubwa la pakiti, kwa sababu kuna vidonge vya mseto ambavyo jina lake linafanana na dawa ya homa na ndani mna diklofenaki. Ila tahadhari moja: aspirini ya dozi ndogo ambayo mgonjwa ameandikiwa na daktari wake wa moyo, hiyo asiiache kwa sababu ya maneno yangu. Na wewe usimwongezee dawa ya kukojoza nyumbani kwa kukadiria. Figo zikiwa zimebanwa, mnaweza kuziumiza zaidi.

Majirani waambieni aliyemchezea amejulikana.

Sasa mgongo wenyewe, maana hatuwezi kumnyang'anya dawa tukamwacha anaugulia. Parasetamoli ndiyo afadhali kwa moyo, lakini nisikudanganye: jaribio kubwa la Australia lililochapishwa mwaka 2014, lenye watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, liliona waliomeza parasetamoli hawakupona haraka kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Makundi yote yalichukua kama siku 16 au 17. Mimi hapo naona habari njema kuliko mbaya, kwamba mgongo mwingi hupona wenyewe ndani ya wiki chache. Akitaka, ameze parasetamoli kwa siku chache, asigeuze kuwa chakula cha kila siku: watafiti wa Edinburgh mwaka 2022 waliwapa watu 110 wenye presha gramu 4 kwa siku kwa wiki mbili, ile namba ya juu ya presha ikapanda kwa takribani alama 5. Na aepuke ile ya kuyeyusha kwenye maji inayotoa povu, maana ina chumvi ya sodiamu nyingi.

Maji yakishatolewa mwilini na pumzi imetulia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia. Kulala kitandani siku nzima hakusaidii. Na mliangalie jiko. Nikimwona mama lishe namjua mgongo wake kabla hajaniambia: jiko la mkaa liko chini, yeye yuko juu ya kigoda, na karai la mafuta analinyanyua kwa kiuno. Jengeni tofali mpaka jiko lifike usawa wa nyonga, akaange amesimama au amekaa kwenye kiti kirefu. Gharama yake haifiki ya kulazwa mara moja.

Halafu atembee. Mwaka 2024 watafiti wa Sydney walichapisha jaribio la watu 701 waliokuwa wametoka kupona mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea, wakiongeza muda polepole mpaka nusu saa mara tano kwa wiki, walikaa kama siku 208 kabla mgongo haujarudi. Wenzao walikaa siku 112. Na kutembea huko huko, kwa kipimo atakachopewa kliniki, kunafaa hata moyo uliochoka, alimradi hajavimba na hahemi akiwa amekaa.

Mwisho nunueni mizani ya bafuni. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, apande, wewe uandike kwenye daftari. Lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hajanenepa huyo. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, kabla mto wa pili haujatafutwa.

Daktari mambo. Mimi ni dereva wa bodaboda, Morogoro, miaka 34. Mgongo unanisumbua miezi minne sasa, nakula diklo kila siku ndiyo niingie barabarani. Nimejichanga nikapiga picha ya MRI, karatasi inasema diski (ile mito laini kati ya pingili) imechomoza na nyingine imechakaa. Jamaa wananiambia nikikataa upasuaji nitapooza.

Kaka, pole, hasa kwa hiyo pesa ya MRI. Jamaa zako hawajaisoma hiyo karatasi, wameisikia.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa na asilimia 30 walikuwa na diski iliyochomoza kidogo. Wakifika miaka 80, waliochakaa walikuwa asilimia 96. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Ukimpiga MRI abiria wako asiyeumwa chochote, huenda karatasi yake ikasema maneno kama ya kwako.

Kinachonitisha zaidi ni miezi minne ya diklo. Kesho kabla ya kuwasha pikipiki, pita kituo cha afya upime presha, kisha uombe kipimo cha figo. Tumbo linakuuma? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Hapo usingoje kesho. Una miaka 34 na moyo wako huenda ni mzima, lakini presha inayopandishwa kidogo kidogo kila siku ndiyo inayowaleta watu kwangu wakiwa na 50.

Upasuaji una watu wake. Ukianza kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ukipata ganzi sehemu zinazokalia tandiko la pikipiki, au mguu ukikosa nguvu mpaka unaburuza, hiyo ni dharura, hata iwe usiku. Mgongo wenye homa za jioni, jasho la usiku na suruali inayolegea kiunoni upimwe kifua kikuu, kwa sababu huingia hata kwenye pingili za uti wa mgongo, na hapa kwetu hatuna ruhusa ya kukisahau. Na kwa mwenye presha, maumivu ya ghafla katikati ya mabega kama mtu anakupasua kwa shoka si mgongo kabisa, huenda ni mshipa mkubwa wa damu unachanika.

Kama huna lolote kati ya hayo, muone mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo), shuka kwenye pikipiki kila baada ya saa moja utembee dakika tano, na punguza ile mishikaki ya abiria watatu. Najua inalipa.

Nasoma kutoka Mombasa. Ndugu yangu ana miaka 48, ameambiwa ana heart failure, huo moyo kushindwa. Nikisoma mitandaoni, Ulaya ni ugonjwa wa wazee wa 70 na kuendelea, na wanasema ni mafuta yanayoziba mishipa. Yeye hali nyama. Sisi tuna nini?

Tuna presha isiyopimwa. Utafiti uliochapishwa 2012 ulifuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Presha ilikuwa chanzo kwa asilimia 45, na mishipa ya moyo kuziba haikufika asilimia 8. Miaka miwili baadaye Abel Makubi na wenzake walichapisha wa kwetu Muhimbili, wagonjwa 427, wastani miaka 55. Presha tena asilimia 45, kisha magonjwa ya misuli ya moyo yenyewe asilimia 28, na asilimia 12 walikuwa na valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo mara nyingi huanza na koo la utotoni lisilotibiwa.

Kwa hiyo hayo ya nyama yaweke pembeni kidogo, muulize alipimwa presha lini kabla ya kuugua. Wengi huniambia, "Sijawahi, sikuwa naumwa." Na jina la ugonjwa lisimvunje moyo: moyo kushindwa maana yake unasukuma kwa udhaifu, haujasimama. Nina wagonjwa ninaowatibu kwa miaka kumi sasa, wanaonisalimia sokoni Kariakoo. Ila dawa asiache siku akijisikia mzima, maana kujisikia mzima ndiyo kazi ya dawa zenyewe.

Nimejifungua wiki saba zilizopita. Mgongo unauma, miguu imevimba, nikilala chali nakosa hewa. Mama mkwe anasema ni uchovu wa uzazi, nikandwe na maji ya moto. — Dodoma

Dada, mgongo na miguu mama mkwe anaweza kuwa sahihi. Kukosa hewa ukilala, hapana. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaompata mwanamke kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua, na hufichwa na maneno hayo hayo ya uchovu wa uzazi. Nenda leo hospitali ya mkoa, uwaambie umejifungua lini na kwamba unakosa hewa ukilala, wakupime eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mama mkwe abaki na mtoto, au mwende wote. Ukikutwa mapema, wengi moyo wao hurudi. Na usiondoke bila kumuuliza daktari kuhusu mimba nyingine.

Niko Muscat. Baba yangu yuko Unguja, ana presha na moyo, ananisumbua nimtumie vidonge vya mgongo vya huku, anasema ni vikali kuliko vya nyumbani. Nimtumie?

Usimtumie. Mtumie mizani.